Kupiga Dokumentari ya Safari kwa Bajeti Ndogo: Mwongozo wa Kuwarekodi Watu wa Kawaida Njiani

Dokumentari nyingi za safari huharibikia mezani, kabla hata gari halijawashwa. Mpangaji anafungua ramani, anavuta mstari mrefu kadiri fedha za mafuta zinavyomruhusu, kisha anagawa siku kwa idadi ya miji. Anarudi na saa kadhaa za lami iliyopigwa kupitia kioo cha mbele, pamoja na watu ishirini walioulizwa maswali matatu matatu wakiwa wamesimama wima kando ya gari. Mtazamaji hatamkumbuka hata mmoja kesho yake.

Bajeti ikiwa ndogo, punguza kilomita, ongeza saa za kukaa na mtu mmoja, na fedha ya kwanza ya vifaa iende kwenye sauti. Hatua zote zinazofuata zinategemea hayo.

Hatua ya 1: Pata swali, ndipo uchore njia

"Maisha ya watu wa kawaida" ni wazo pana mno kukuongoza. Andika sentensi moja yenye aina ya watu, hali yao, na jambo moja unalotaka kulijua. Kwa mfano: "Wanaofanya kazi usiku kando ya barabara kuu hulala saa ngapi, na nani huwaangalia watoto wao?" Sentensi ya namna hii inakuonyesha mara moja nani wa kumpita. Fundi matairi anayefungua magharibi yumo. Mwenye hoteli kubwa hayumo, hata akiwa msemaji mzuri kiasi gani.

Filamu ya dakika 20 hubeba watu 4 hadi 6. Wakizidi hapo, nyuso zinaanza kuchanganyikana. Panga kuwarekodi 8, kwa kuwa wawili watatu watachujwa wakati wa kuhariri: mmoja sauti yake itakuwa imezama kwenye kelele, mwingine atabadili mawazo, na mwingine atakuwa amesema yaleyale ya mwenzake ila kwa maneno dhaifu zaidi. Nusu ya hao wapate kwa simu kabla ya kuondoka, kupitia watu wanaoishi njiani. Nusu iachie barabara.

Sasa njia. Kwa siku 8 za kurekodi, usiendeshe zaidi ya saa 3 kwa siku, na katika kila siku mbili, moja gari lisitoke kabisa mahali lilipo. Kama unaweza kuchagua, shika barabara moja uende na urudi nayo badala ya kuzunguka. Mzunguko unakupa mandhari mapya. Kurudi kunakupa watu walewale kwa mara ya pili, nao safari hii wanakufahamu. Yule aliyejibu kwa neno moja siku ya 2, siku ya 7 huenda akakuita mwenyewe akuonyeshe jambo. Na picha uliyoikosa wakati wa kwenda bado ipo palepale.

Hatua ya 2: Piga hesabu, ukianzia mwisho

Tenga robo ya bajeti nzima kwa kazi za baada ya safari: kunukuu maneno, kutafsiri, kusawazisha sauti, haki za muziki. Ukianza na safari, fungu hilo litaliwa barabarani na utabaki na diski iliyojaa picha zisizo na wa kuzifanyia kazi. Tenga pia asilimia 15 kwa dharura, wala usiiguse kununulia vifaa.

Mafuta yana hesabu yake: umbali gawanya kwa 100, zidisha kwa lita ambazo gari hutumia kwa kilomita 100. Safari ya kilomita 1,200 kwa gari la lita 9 ni lita 108. Ongeza asilimia 30 kwa kupotea njia, kurudi nyuma kwa ajili ya picha, na kwenda kulala mbali na mnaporekodi. Inafika takriban lita 140. Kinachobaki baada ya hapo ndicho cha malazi, chakula, vibali, bima na vifaa, kwa mpangilio huo.

Hatua ya 3: Watu watatu, wasizidi

Mmoja kamera. Mmoja sauti na maswali. Wa tatu ni dereva, na ndiye anayeshika fomu, pesa na ratiba. Kama lugha ya njiani si yenu, huyu wa tatu awe mzungumzaji wa lugha hiyo. Dereva hagusi kamera gari likiwa kwenye mwendo, hata kwa sekunde tano.

Wawili wanawezekana, kwa shida. Ukiwa peke yako utalazimika kusikiliza, kutazama fremu na kuangalia kipimo cha sauti kwa wakati mmoja, na kati ya hivyo vitatu kitakachoachwa ni kusikiliza, jambo ambalo mwenyeji atalihisi mapema. Wakiwa wanne, gari linajaa, na mtu aliyeingiliwa na wageni wanne chumbani kwake anaanza kuigiza.

Hatua ya 4: Vifaa

Orodha hii inatosha kwa siku 8:

- Kamera 1 yenye tundu la maiki na inayokubali kupangiwa mwangaza kwa mkono. Simu nzuri inatosha kuwa ya pili, na hata ya kwanza kama ndiyo iliyopo.
- Lenzi 1 ya milimita 24–70, au ya 35 peke yake. Kubadilisha lenzi penye vumbi kunaleta madoa kwenye sensa (sehemu ya kamera inayopokea mwanga), ambayo utayaona kwenye kila picha ya anga.
- Maiki 1 ndogo ya kubana kwenye nguo, na maiki 1 ndefu ya kuelekeza pamoja na fimbo yake. Zote ziwe na kinga ya manyoya ya kuzuia upepo.
- Kinasa sauti 1, na hedifoni zinazofunika masikio yote.
- Tripodi 1 na kichujio 1 cha kupunguza mwanga (ND).
- Betri 4 za kamera, na kadi 4 za GB 64 zenye alama ya V30.
- Diski 2 za nje za TB 1 kila moja.
- Inveta (kigeuzi cha umeme wa gari kuwa wa nyumbani) ya wati 150 na pawabenki ya mAh 20,000.
- Utepe wa gundi, kamba, kitambaa cheusi, kipulizio cha vumbi, mifuko ya plastiki ya kufunga.

Kwa nini kadi nne na si moja kubwa? Kamera inayorekodi kwa megabiti 100 kwa sekunde hula megabaiti 12.5 kwa sekunde, yaani GB 45 kwa saa. Kadi ya GB 64 inabeba dakika 85 hivi. Ikiharibika, umepoteza asubuhi moja. Ya GB 256 ikiharibika, umepoteza karibu siku tatu za kazi. Kwa kasi hiyohiyo, saa 2 za kurekodi kwa siku kwa siku 8 ni GB 720, na ndiyo sababu ya diski ya TB 1. V30 maana yake ni kwamba kadi inahakikisha kuandika angalau megabaiti 30 kwa sekunde, kiwango kinachozidi mahitaji haya kwa mbali.

Umeme wa gari nao una mipaka. Soketi ya kiberiti kwa kawaida ina fyuzi ya ampea 10 hadi 15, na kwa volti 12 hiyo ni wati 120 hadi 180. Chaja ya kompyuta ya wati 65 pamoja na chaja mbili za kamera zinapita bila taabu. Birika la umeme litaikata fyuzi papo hapo, basi wekeni fyuzi mbili za akiba kwenye kisanduku cha glavu. Chajini injini ikiwaka. Kuchaji usiku kucha gari likiwa limezimwa huishia kwa gari kusukumwa asubuhi. Kuhusu pawabenki: mAh 20,000 kwa volti 3.7 ni wati-saa (Wh) 74. Betri ya kamera ya volti 7.2 na mAh 2,000 ni Wh 14.4. Ukitoa upotevu, utaijaza mara 3 hadi 4, si mara 10 kama mtu anayelinganisha mAh peke yake angedhani.

Jaribuni kila kitu wiki moja kabla: rekodini dakika 30 mfululizo, nakilini, fungueni kwenye programu ya kuhariri. Kebo mbovu inagunduliwa nyumbani, au inagunduliwa mbele ya mtu aliyefunga duka lake kwa ajili yenu.

Hatua ya 5: Pangeni kamera mara moja, kisha iacheni

Kasi ya fremu ifuate umeme wa nchi mliyopo. Penye hezi 50, tumieni fremu 25 kwa sekunde na shata (muda ambao kila fremu hupokea mwanga) ya sekunde 1/50. Penye hezi 60, fremu 30 na shata 1/60. Taa nyingi hupepesa mara mbili ya hezi za umeme, yaani mara 100 au 120 kwa sekunde. Shata isipolingana nazo, mistari myeusi inaanza kutambaa juu ya picha, na kwenye uhariri haitoki kwa urahisi.

Tatizo la shata ya 1/50 ni jua. Kwa ISO 100 (wepesi wa kamera kunasa mwanga) kwenye jua kali, mwangaza unaofaa ni tundu la lenzi la f/16 (namba ikikua, tundu hupungua) kwa 1/100, ambao kwa 1/50 unakuwa f/22. Ukitaka f/4 ili uso utengane na kilicho nyuma yake, inabidi kupunguza mwanga kwa hatua 5, kila hatua ikiukata kwa nusu, na hiyo ni kazi ya kichujio cha ND32. Wasio na kichujio hupandisha shata hadi 1/1000, kisha wanashangaa mbona mikono ya fundi inatembea kwa kukatikakatika. Kichujio cha kuzungusha ni rahisi kutumia, lakini kikifika mwisho kwenye lenzi pana huchora kivuli cha msalaba katikati ya picha. Rudisha nyuma kidogo.

Rangi: 5600K nje mchana, 3200K chini ya balbu za mwanga wa njano. Usiache otomatiki, maana wingu likipita uso utabadilika rangi katikati ya sentensi. Mwanga wa dirisha ukichanganyika na wa balbu, chagua mmoja: zima taa au funga pazia.

Mwangaza upimwe usoni. Kamera ikiachiwa uamuzi, mtu mwenye ngozi nyeusi aliyekaa mbele ya ukuta mweupe atageuka kivuli. Afadhali ukuta uungue kidogo kuliko uso upotee. Na bora zaidi, msogeze mtu mita 2 mbali na ukuta, ageukie dirisha.

Sauti: 48 kHz, biti 24, na kilele cha maneno kigote kwenye -12 dB. Akicheka, kitafika -6, na bado kuna nafasi. Sauti iliyopasuka kwa kugonga sifuri, kikomo cha juu cha kipimo, hairudi.

Hatua ya 6: Vibali na ridhaa

Sheria za kurekodi hadharani zinatofautiana nchi na nchi, hata mji na mji. Ulizeni ofisi inayosimamia filamu, au serikali ya mtaa, wiki kadhaa kabla, na mbebe majibu yaliyochapishwa. Bila kibali cha wazi, msielekeze kamera kwenye kambi za jeshi, vituo vya polisi, mipaka, viwanja vya ndege au madaraja makubwa. Droni huhitaji kibali chake peke yake, na kwa filamu ya watu wa kawaida mara nyingi haistahili usumbufu wote huo. Uso wa mtu hauonekani kutoka mita 80 juu.

Mkivuka mpaka, beba orodha ya vifaa yenye namba za usajili za kila kimoja, igongwe muhuri na forodha mnapotoka, msije mkatozwa ushuru wa kuviingiza mnaporudi. Nchi zilizo kwenye mfumo wa ATA Carnet (hati ya forodha ya kuingiza vifaa kwa muda bila ushuru) hukubali hati hiyo moja, inayodumu mwaka mmoja. Kwenye bima, someni kwanza kifungu kinachohusu vifaa vilivyoachwa ndani ya gari.

Fomu ya ridhaa iwe ukurasa mmoja, kwa lugha anayoielewa mhusika. Iseme: filamu inahusu nini, nani anaitengeneza, itaonyeshwa wapi (pamoja na intaneti, na kwamba ikishafika huko haifutiki kirahisi), kama kuna malipo au hakuna, hadi tarehe gani anaweza kujitoa, na namba ya kuwapata. Isomwe kwa sauti, hata kama anajua kusoma. Kisha, kamera ikiwaka, aseme jina lake na kwamba amekubali kurekodiwa. Asiyetaka kusaini karatasi anaweza kukubali kwa njia hii, na rekodi hiyo ihifadhiwe. Mtoto anahitaji ridhaa ya mzazi au mlezi pamoja na yake mwenyewe. Akikataa yeye, ridhaa ya mzazi haitoshi.

Fomu ije baada ya mazungumzo ya kwanza na kabla ya kurekodi. Ikitangulia salamu, mtaonekana maofisa.

Suala la malipo hujadiliwa sana. Msimamo wetu: maneno hayanunuliwi, kwa sababu anayelipwa hutafuta jibu analodhani unalitaka. Lakini muda wa kazi ni jambo jingine. Kama saa mbili zenu zimemkosesha wateja, mfidieni. Kiasi kiwe kilekile kwa wote, na kitajwe mapema ili mtu asijihisi amenaswa.

Hatua ya 7: Kumpata mtu

Msishuke na kamera. Egesheni, tembeeni mkiwa mikono mitupu, mnunue kitu, mkae. Nusu saa ya kwanza ni ya kuonekana tu. Watu wazuri wa kuanzia ni wale ambao kazi yao ni kukaa mahali pamoja na kuona kila anayepita: kinyozi, mshona viatu, mlinzi, mkatisha tiketi, muuza magazeti. Wao wenyewe wanaweza wasiwe kwenye filamu, ila watakuelekeza. Ulizeni swali mahususi: "Nani hapa hufungua wa kwanza alfajiri?" Swali la "nani ana hadithi nzuri?" huwapeleka kwa mzee yuleyule ambaye kila mgeni hupelekwa kwake.

Jihadharini na mtu anayejitokeza wa kwanza. Mara nyingi ni mzoefu wa kuhojiwa, na majibu yake yako tayari. Mnayemtafuta huenda ni yule anayesema "mimi sina la kusema" huku mikono yake ikiendelea na kazi.

Kabla ya kumrekodi, jiulizeni mambo matatu. Ana kitu anachokifanya ambacho macho yanaweza kukifuata? Kuna jambo analolitaka ambalo bado hajalipata? Mahali alipo panaweza kusikika bila jenereta? Likikosekana la kwanza au la pili, salimianeni mwende. Likikosekana la tatu, tafuteni saa nyingine au chumba kingine.

Hatua ya 8: Kurekodi kazi, kisha maneno

Anzeni na kazi. Mtu akiwa anafanya anachokijua, hofu ya kamera huondoka baada ya dakika kumi hivi, na nyinyi mtapata picha za kufunika maneno yake baadaye. Kwa kila tendo chukueni picha tano: mikono kwa karibu, uso kwa karibu, mwili wake wote akiwa mahali pake, kutoka nyuma ya bega lake, na moja kutoka pembe isiyo ya kawaida. Kila moja ishikeni sekunde 10 bila kusogea. Sekunde 10 ni ndefu kuliko unavyodhani, hesabuni kimoyomoyo. Wanaoanza hushika sekunde 3, nyingine 7 wanazitumia kutikisika.

Kwa kila dakika 1 ya maneno yatakayobaki, mtahitaji dakika 3 au 4 za picha za namna hii.

Mazungumzo yafanyike palepale kazini kama kelele inaruhusu. Kamera iwe usawa wa macho yake, umbali wa mita 1.5 hivi. Anayeuliza akae ubavuni mwa lenzi, karibu nayo kabisa, ili macho ya mhojiwa yasikimbilie pembeni. Maiki ya nguo ibanwe katikati ya kifua, shubiri moja chini ya kidevu. Mikufu, vifungo na ncha za kitenge hugusa maiki na kutoa mkwaruzo. Tengenezeni kitanzi kidogo cha waya chini ya nguo na kukishika kwa utepe. Maiki ndefu ishuke kutoka juu, sentimita 50 kutoka mdomoni, nje kidogo ya fremu. Kila sentimita inayoongezeka inaingiza chumba ndani ya sauti.

Kabla ya swali la kwanza, fumbeni macho msikilize kwa hedifoni. Jokofu, feni, redio ya jirani, kuku. Mkizima jokofu la mtu, wekeni funguo za gari ndani yake, na hapo hamtaondoka mkaliacha limezimwa. Pigeni kofi moja mbele ya kamera ili sauti ya kinasa iunganishwe na picha. Mwisho wa mazungumzo, rekodini sekunde 60 za ukimya wa chumba, wote mkiwa mmenyamaza. Mhariri atazitumia kuziba kila mkato.

Kuhusu maswali:

Ombeni ajibu kwa sentensi kamili, kwa sababu sauti ya muulizaji itaondolewa. "Miaka kumi na mbili" haina maana. "Nimekaa kwenye kibanda hiki miaka kumi na mbili" inajitosheleza. Anzeni na siku yenyewe: umeamka saa ngapi leo, umefanya nini kwanza? Maelezo ya jana na leo huja na vitu vinavyoonekana. Swali la "unajisikiaje" huzaa methali na shukrani.

Akimaliza kujibu, hesabuni hadi tano kabla ya kuuliza tena. Wengi huendelea wenyewe, na sehemu hiyo ya pili ndiyo huingia kwenye filamu. Msiitikie kwa "eeh" au "naam". Itikieni kwa kichwa, maana kila mguno unanaswa juu ya neno lake. Dakika 40 zinatosha. Msizime kamera mnapomshukuru, ila mjulisheni kuwa bado inawaka.

Hatua ya 9: Ndani ya gari

Picha za gari zinachosha haraka. Dakika 2 kati ya 20 zinatosha, basi zipigeni vizuri.

Kamera ya kubandika kwenye kioo iwe na kamba ya pili ya usalama, isizibe macho ya dereva wala isikae mbele ya mfuko wa hewa. Safisha kioo ndani na nje. Tandaza kitambaa cheusi juu ya dashibodi, maana bila hicho karatasi na vumbi vyake vitaonekana vikielea angani kwenye kioo. Kichujio cha kupolaraizi, kinachopunguza mng'aro wa kioo, husaidia pia. Zima kitulizo cha mtikisiko cha kamera iliyofungwa imara. Huwa inapambana na gari na picha inayumba kama jeli. Kupitia dirisha la pembeni, nguzo za karibu zitaonekana zimelala kwa sababu sensa husoma picha mstari kwa mstari. Lengeni vitu vya mbali, au mpunguze mwendo.

Mkimrekodi abiria, fungeni madirisha, zimeni feni ya kiyoyozi, tumieni maiki ya nguo, na kichujio cha kukata chini ya 80 Hz kwenye kinasa kitapunguza mngurumo wa injini. Usimhoji dereva kwa jambo zito.

Joto ndilo adui mwingine. Simu iliyoachwa juani kwenye dashibodi hujizima yenyewe. Kamera na diski zikae sakafuni nyuma ya kiti, zimefunikwa, na gari likiegeshwa mwende navyo.

Hatua ya 10: Kila jioni, bila kukosa

Mali bila daftari hupotea bila habari, na picha ni mali. Utaratibu uwe uleule kila siku, hata mkiwa mmechoka:

1. Nakilini kadi kwenye diski ya kwanza, kisha kutoka kadini tena kwenye ya pili. Msinakili kutoka diski hadi diski. Kosa la diski ya kwanza litahamia ya pili.
2. Linganisheni idadi ya mafaili na ukubwa wake, na mfungue mafaili matatu, mkiruka hadi katikati ya kila moja.
3. Folda ipewe jina la tarehe, mahali na kifaa, kwa mfano 03_soko_kamera1.
4. Andikeni ukurasa mmoja: nani karekodiwa, alisema nini cha kukumbukwa na dakika ya ngapi, na picha gani imekosekana.
5. Chajini kila kitu, pulizeni vumbi, tayarisheni begi la asubuhi.
6. Kadi ifutwe kesho yake asubuhi tu, ndani ya kamera, baada ya nakala zote mbili kuhakikiwa.

Diski mbili zisikae begi moja. Moja kwa mpiga picha, nyingine kwa dereva. Diski ziwe katika mfumo wa kuhifadhi mafaili wa exFAT, kwa kuwa ule wa FAT32 haupokei faili linalozidi GB 4.

Ukurasa ule wa nambari 4 ndio utakaowaonyesha, ifikapo siku ya 4, filamu inaelekea wapi. Kama watu watatu wametaja jambo lilelile bila kuulizwa, badilisheni maswali yaliyobaki yalifuate.

Hatua ya 11: Kuhariri

Programu ya kuhariri ya DaVinci Resolve ina toleo la bure, na Kdenlive ni ya bure kabisa. Kompyuta ikiwa dhaifu, tengenezeni nakala nyepesi za picha kwa kuhariria, kisha mrudishe zile halisi wakati wa kutoa filamu.

Nukuuni mazungumzo yote kwanza, hariri ya kwanza ifanyike kwenye karatasi. Wekeni alama kwenye sentensi zinazojibu lile swali la hatua ya 1, zipangeni, na hapo ndipo mfungue programu. Toleo la kwanza litakuwa na dakika 50 au 60. Msiogope. Mwondoeni mtu mmoja kabisa kabla ya kukata sekunde za kila mtu. Filamu ya watu watano wanaopumua ni bora kuliko ya wanane wanaokimbizwa.

Ramani si lazima iwe mpangilio wa filamu. Mtu wa siku ya 6 anaweza kufungua, mradi mavazi, mwanga na maneno yake havipingani na vinavyofuata.

Muziki uwe wenye leseni iliyoandikwa. Kwenye leseni huria za Creative Commons, alama ya ND (kazi isibadilishwe; si kile kichujio) hairuhusu kuuunganisha na picha, na NC inazuia matumizi ya kibiashara. Nakala ya leseni ihifadhiwe pamoja na mradi.

Maandishi ya tafsiri chini ya picha yasizidi mistari 2, herufi 42 kwa mstari, na yakae kati ya sekunde 1 na 7. Sauti ya mwisho iwe karibu -14 LUFS (kipimo cha ukubwa wa sauti ya filamu nzima) kwa intaneti. Televisheni zinazofuata EBU R128, kanuni ya sauti ya watangazaji wa Ulaya, hutaka -23.

Kabla ya kuitoa hadharani, kila aliyemo aone sehemu yake. Wengi hawatakuwa na kompyuta wala data nyingi: toeni nakala nyepesi ya 720p, mkate kipande chake, mkitume kwa simu wakati tarehe ya kujitoa bado haijapita. Angalieni pamoja naye kama kuna namba ya gari, mlango wa nyumba au sura ya mtoto wa jirani ambayo hakutaka ionekane. Filamu ikikamilika, atumiwe nzima, na jina lake kwenye orodha ya mwisho liandikwe kama alivyolitamka yeye mbele ya kamera.